Kabla ya Kupuliza Dawa, Jani Ligeuzwe

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini niseme neno kuhusu ushauri tunaopewa kila mara, kwamba majani ya nyanya au pilipili yakianza kujikunja ipulizwe dawa ya wadudu bila kuchelewa. Kwa sisi wakazi wa mji wa Lamu, ambao kwa kukosa mashamba hupanda uani katika madebe na jerikeni zilizokatwa, ushauri huo mara nyingi hutugharimu bure.

Majani hujikunja kwa sababu zisizofanana, na namna yanavyojikunja hueleza mengi. Jani la pilipili lililokunja kingo kuelekea juu mfano wa mtumbwi, likawa na mikwaruzo ya rangi ya fedha, aghalabu limeshambuliwa na thiripi, wadudu wadogo sana wanaofyonza majani. Likikunja kuelekea chini, huku majani machanga yakiwa membamba na magumu, anayeshukiwa ni utitiri, ambaye kwa udogo wake jicho tupu ni shida kumwona. Utitiri ana miguu minane kama jamaa yake buibui, na dawa nyingi za wadudu hazimdhuru, bali huua maadui zake yeye akazidi kuzaana. Dawa ya salfa ndiyo humwua, mradi isipulizwe kwenye jua kali wala kabla ya wiki mbili hivi kupita tangu mafuta ya mwarobaini, maana majani huweza kuungua.

Kwa nyanya, mche uliodumaa wenye majani machanga madogo, yaliyokunjika juu na kuwa manjano kingoni, huenda una virusi vinavyoenezwa na nzi weupe. Huo hauna tiba, ung'olewe. Majani ya chini yakijiviringa nayo yangali kijani, kwa kawaida ni joto au kiu tu, na mche huzaa.

Lisilotajwa kabisa ni chumvi, nalo kwetu ndilo kubwa. Visima vingi vya hapa vina maji ya chumvi, na chombo kisicho na matundu ya kutosha huihifadhi hata udongo ukafanya ukoko mweupe, kingo za majani zikakauka na kujikunja. Hapo hakuna dawa ya dukani itakayosaidia. Yanahitajika maji ya mvua, ya jabia (birika la kuhifadhia maji ya mvua) kwa aliye nayo, yamiminwe mpaka yatoke kwa wingi chini ya chombo.

Ningeomba wenye maduka ya pembejeo wamtake mnunuzi alete jani kabla ya kumuuzia chupa, na ukurasa wenu wa kilimo uchapishe picha za upande wa chini wa majani, wanakojificha wadudu hao, si wa juu pekee.

Msomaji wenu,
Langoni, Lamu