Barua ya wazi kwa shemeji anayelilia saa aliyoiacha mezani

Shemeji,

Habari za Moshi. Ujumbe wako nimeupata: Seiko ya wapiga mbizi, ringi nyeusi, meza ya mitumba pale soko la Memorial. Uliishika, ukairudisha, na uliporudi wiki iliyofuata haipo. Sasa kila usiku unaitafuta kwenye simu na kila bei unayoiona inakuchoma. Nakujibu hadharani kwa sababu wenye kidonda hicho ni wengi, huko kwenu na hapa Arusha, na karibu wote mnalilia saa ambayo hamkuikagua.

Ndiyo shida yangu na majuto ya aina hii. Unalinganisha bei uliyoikataa na bei ya saa nyingine kabisa, iliyo safi, iliyofanyiwa servisi, yenye uso wake wa kiwandani, inayouzwa na mtu wa Tokyo. Uliyoishika wewe hujui ilikuwa ipi. Huenda ulipoteza kitu cha maana, huenda uliponea kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Ili ujue, ilibidi uisome palepale mezani, na kuisoma si kazi ya zaidi ya dakika kumi.

Anza na mgongo. Seiko huandikwa nyuma namba yenye kistari katikati, mfano 6309-7040. Nne za kwanza ni mashine, nne za pili ni umbo la saa. Karibu yake kuna namba ya mfululizo, kwa kawaida yenye nafasi sita: ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi. Januari mpaka Septemba ni 1 mpaka 9, Oktoba ni O, Novemba ni N, Desemba ni D. Muongo haujaandikwa, unautoa kwenye modeli yenyewe. 6309 ya wapiga mbizi ilitengenezwa kati ya 1976 na 1988, kwa hiyo namba inayoanza na 3N ni Novemba 1983 na si mwaka mwingine. Lakini ikiwa ni 7S26-0020, ile wanayoiita SKX007, iliyoingia sokoni 1996 na kuondolewa karibu na 2019, hiyo 3N inaweza kuwa 2003 au 2013.

Sasa igeuze. Chini kabisa ya uso, ukingoni chini ya namba 6, kuna maandishi madogo ambayo bila lenzi ya fundi au kamera ya simu iliyokuzwa huyaoni. Namba nne za kwanza pale zinatakiwa zifanane na nne za kwanza za mgongoni. Zisipofanana, ama uso umebadilishwa ama mgongo umetoka kwenye saa nyingine. Pasipo na maandishi yoyote, shuku kwamba uso si wa Seiko. Hapo saa haijawa takataka. Imekuwa saa ya kuvaa, basi ilipe bei ya kuvaa, na ikiondoka usiililie.

Ndani nako hubadilishwa. Mashine ya 7S26 haijazwi kwa mkono, hujijaza yenyewe ikiyumba, na mshale wake wa sekunde hausimami unapovuta kitufe cha kujazia. Ndivyo ilivyoumbwa, na 6309 na 7002, mashine nyingine za Seiko, ni hivyohivyo. Ukivuta kitufe kwenye SKX na mshale ukasimama, ndani kuna mashine nyingine, mara nyingi NH36, ambayo hukaa humo bila kuchonga kitu. Kwa mvaaji hiyo ni faida. Kwa mkusanyaji ni kasoro, na muuzaji mara nyingi hajui kama ni faida wala kasoro.

Kwa kutojua hilo watu huacha saa nzima kabisa. Mtu anazungusha kitufe, hasikii kitu kinakaza, anasema imekufa. Usiizungushe. Ilaze kiganjani, iyumbishe upande kwa upande mara kumi na tano hivi, iache mezani. Mashine yenye uhai itaanza kutembea. Siku za wiki zikitokea kwa Kiarabu usishtuke, saa hiyo ilitengenezwa kwa soko la Uarabuni na gurudumu la siku lina lugha mbili. Zungusha hatua moja zaidi, Kiingereza kitatokea. Ila usibadilishe tarehe kwa haraka kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri ya saa yenyewe, kwa sababu meno ya kalenda yanakuwa yameshikana na unaweza kuyavunja mbele ya mwenye mali. Na saa haina mchana wala usiku mpaka uitafutie: sogeza mishale mbele mpaka tarehe iruke, hapo ndipo saa sita usiku yake.

Muuzaji akikiri kwamba "inakimbia", muulize inakimbia kiasi gani. Kiwanda chenyewe kiliruhusu 7S26 ichelewe sekunde 20 au itangulie sekunde 40 kwa siku, kwa hiyo nusu dakika si ugonjwa. Inayotangulia dakika tano au kumi kwa siku mara nyingi imeshika sumaku kutoka kwenye spika, redio au kifuniko cha simu. Springi nyembamba ya mizani, yaani ya gurudumu linalopima mdundo, inagandana mizunguko yake, inakuwa fupi, mdundo unaenda mbio. Fungua dira ya simu, isogeze saa karibu, ukiona sindano inayumba umepata jibu. Fundi mwenye kifaa cha kuondoa sumaku anamaliza kazi hiyo kwa sekunde chache. Hiyo ndiyo saa ya kuipigania bei huku umenuna.

Maji ni jambo jingine, na hapo sina huruma. Maandishi ya mita 150 au 200 yalikuwa kweli siku saa ilipotoka kiwandani na mipira mipya ya kuzuia maji. Mpira wa miaka ishirini ni mgumu na umebonyea, vumbi letu linapita na mvua ya masika inafuata. Ipashe saa joto kiganjani dakika kadhaa, kisha gusisha chupa ya soda baridi juu ya kioo kwa dakika moja. Ukungu ukitokea upande wa ndani, kuna unyevu. Angalia pia madoa ya kahawia kuzunguka namba, na ukivuta kitufe uone kama mhimili wake una kutu. Kwenye saa za wapiga mbizi kitufe kinafungwa kwa kukaza. Kisiposhika nyuzi zake laini mara ya kwanza na ya pili, irudishe mezani kwa moyo mweupe.

Neno la chuma. Maandishi ya nyuma yakisema "Stainless Steel Back", yanazungumzia kifuniko cha nyuma peke yake. Kilichobaki ni shaba nyeupe au aloi iliyopakwa, na jasho litaitoboa mahali mkono unapogusa. Nimewasikia wauzaji wakiyasoma maandishi hayo kwa sauti kama sifa! Orient za nyota tatu, ambazo baba zetu wengi wamevaa, angalia kile kitufe kidogo cha kubadilishia siku kilichopo karibu na namba 2, kwa sababu jasho hukigandisha. Kioo cha plastiki chenye mikwaruzo hakikutishi, kinang'arishwa mpaka kinarudi. Cha madini, yaani kile kigumu kisicho plastiki, kinabadilishwa tu. Kingo za saa zilizolainishwa kwa mashine ya kung'arishia hazirudi tena.

Baada ya hapo ndipo hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, anataka 150,000. Fundi wako anatoza 60,000 kwa servisi, kioo 25,000, mipira 10,000. Saa hiyo ni ya 245,000, na hiyo ndiyo namba ya kulinganisha na unayoiona kwenye simu. Na nikisema servisi namaanisha kufungua mashine yote, kuosha kila kipande, kutia mafuta sehemu zake kwa kipimo, kurekebisha mdundo. Fundi anayefungua mgongo, akapuliza na kudondosha oili juu, amekuongezea tatizo: mafuta ya zamani yameganda na uchafu, mafuta mapya yanauchanganya na kuusambaza mpaka kwenye mizani. Saa itatembea vizuri wiki kadhaa, kisha itachoka.

Sasa tuje kwenye uchungu wenyewe, maana wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanao kuliko wewe. Rolex Daytona ilitoka 1963, na zile zenye uso wa mtindo wa pekee zilikuwa zinadoda madukani. Mwigizaji Paul Newman alikuwa na moja, modeli 6239, na Oktoba 2017 ikauzwa mnadani New York kwa dola milioni 17.75. Wapo wazee wanaosimulia walivyoziona dirishani wakapita, na ni kweli waliziona. Lakini zilikuwa dirishani kwa sababu kila mtu alipita. Kama wangezichukua wote zingetengenezwa nyingi, na leo zisingekuwa adimu. Majuto yao yanadai wawe na macho ya 2017 mwaka 1968, jambo ambalo hakuna aliyeumbwa nalo.

Upande wa pili husikii kelele. Patek Philippe, kampuni ya saa ghali ya Uswisi, ilipositisha saa yake ya Nautilus 5711 mwaka 2021, bei za mkono wa pili zilipaa, zikafika kileleni mapema 2022, kisha zikaporomoka. Walionunua kileleni kwa kuogopa kuikosa hawaandiki mashairi. Machi 2022, Swatch na Omega walitoa saa ya MoonSwatch ya dola 260. Watu walipanga foleni tangu usiku na wengine waliinunua kwa mlanguzi kwa bei ya kutisha, ilhali kampuni ilishasema haina idadi maalumu. Waliosubiri waliipata dukani kwa bei yake.

Kwa hiyo jiulize: kile nilichokiacha kinatengenezwa bado? Casio F-91W ipo tangu 1989 na ipo leo, huwezi kuikosa hata ukijitahidi. SKX007 haitengenezwi, lakini ilitoka kwa zaidi ya miaka ishirini na zimejaa duniani. Bei imepanda, saa hazijaisha. Ya kukuuma ni 6309 yenye uso wake, rangi ya kung'aa gizani isiyochubuliwa, kingo kali, mgongo usio na mikwaruzo ya bisibisi, inayouzwa na familia ya mwenyewe. Hiyo ukiiacha, lia, nami nitakuja kukaa nawe msibani.

Kuna nyingine nataka uziache bila kugeuka nyuma. Zimo mezani HMT, Favre-Leuba na West End zenye nyuso za rangi ya chungwa, kijani na buluu zinazowaka. Nyingi zimepakwa upya India. Tazama maandishi: yamepinda, yamepanda juu ya alama za dakika, au chini yameandikwa Swiss kwa herufi nene kupita kiasi. Mashine ndani inaweza kuwa nzima, na HMT yenyewe, kiwanda cha serikali ya India kilichoanza saa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa msaada wa Citizen ya Japani, ilitengeneza saa za kujaza zinazodumu. Lakini uso huo ni wa juzi. Na saa yoyote ya kabla ya miaka ya 1960 yenye rangi ya kung'aa gizani iliyogeuka kahawia, usimruhusu fundi aikwangue: huenda ni radiamu, madini yenye mionzi, na vumbi lake halifai kuvutwa puani.

Saa za watalii wanaopanda mlima ni mlango mwingine, na huku kwetu ni mlango mpana. Kijana akikuletea Citizen Eco-Drive aliyoachiwa na mteja na haitembei, usiipe jina la mbovu kabla haijakaa juani siku mbili, kivuli kisiifikie. Inachaji kwa mwanga, na ikikaa droo miezi mingi inalala. Isiwekwe kwenye dashibodi ya gari, joto litaiua betri yake ya ndani. Na usikubali fundi aiwekee betri ya kawaida. Seiko ya betri ambayo mshale wa sekunde unaruka mbili mbili haijaharibika, inaomba betri tu. Muulize pia kijana huyo aliipataje, na akianza kumung'unya maneno, mwachie.

Kama bado unaitaka hiyo ya Memorial, muulize jirani wa ile meza nani aliichukua, kwani saa za wapiga mbizi huzunguka humohumo kati ya Moshi na Arusha. Ukiiona, nitumie picha tatu kabla hujatoa hela. Ya uso, mchana, kivulini, bila flashi, ikuzwe mpaka nisome yale maandishi ya chini ya namba 6. Ya mgongo, iliyoinamishwa kidogo ili namba zisimezwe na mwanga. Na ya ndani, mgongo ukiwa umefunguliwa na fundi mwenye ufunguo wake, si mwenye koleo. Akikataa kufungua, toa gharama ya servisi nzima kwenye bei yake au muage kwa heshima.

Msalimie dada yangu, na mwambie saa ya ukutani bado naitafutia springi.

Shemeji yako wa Arusha