Kumbukumbu ya padre ianze na kalenda, si na bango

Mhariri,

Padre aliyependwa akifariki, waamini huunda kamati, na kamati hukimbilia picha, bango na orodha ya wasemaji. Paroko huletewa tarehe ikiwa imeshatangazwa. Hapo ndipo mambo huharibika, kwa maana Misa ya kumbukumbu haiangukii siku yoyote tu.

Kumbukumbu ya kutimiza mwaka wa kwanza tangu kifo ndiyo yenye nafasi pana. Misa ya marehemu, yaani yenye sala na masomo yake, yaweza kuadhimishwa siku za juma hata za Kwaresima, hata penye kumbukumbu ya lazima ya mtakatifu, hata ndani ya oktava ya Noeli (siku nane kuanzia Krismasi). Jumatano ya Majivu, Juma Kuu, Dominika (Jumapili) na sherehe kubwa za Kanisa hazimo. Kuanzia mwaka wa pili mlango hubana: siku za juma za kipindi cha kawaida cha mwaka wa Kanisa, zisizo na sikukuu wala kumbukumbu ya lazima, basi. Tarehe ikiangukia Kwaresima, nia (anayeombewa katika Misa) hubaki ya marehemu ila sala na masomo ni ya siku ile.

Wengi huitaka Dominika kwa sababu ya wingi wa watu. Hakuna ubaya, mradi wajue kwamba Misa itakuwa ya Dominika, na marehemu atatajwa katika sala ya waamini. Kuna na jambo ambalo kamati nyingi hazilijui: kila Dominika na sikukuu ya amri paroko hulazimika kutolea Misa moja kwa ajili ya watu wa parokia yake (kanuni ya 534 ya Sheria za Kanisa). Nia ya marehemu basi iingie Misa nyingine, au ipokewe na padre mwingine. Daftari la nia hujaa mapema. Anayefika sakristia dakika 5 kabla ya kengele atasomewa jina, aende nyumbani akidhani Misa imetolewa kwa nia yake.

Wakati wa kuandikisha, neno "Padre" lisikosekane mbele ya jina. Misale, kitabu cha sala za Misa, ina sala za pekee kwa ajili ya padre marehemu. Karatasi yenye jina tupu humfanya mwadhimishaji achukue zile za marehemu yeyote.

Kuhusu sifa: Maelekezo ya Misale yanataka homilia (mahubiri) fupi kwenye Misa ya mazishi, na yanakataza hotuba ya kumsifu marehemu mahali pa homilia. Kwenye kumbukumbu tungefuata mkondo huohuo. Wasemaji watatu, dakika tatu tatu, maneno yakiwa yameandikwa, tena baada ya baraka. Wakiachiwa kipaza sauti bila karatasi, wa kwanza humaliza muda wa wote.

Picha yake isiwekwe altareni wala isizungukwe na mishumaa kama ya mtakatifu. Iwekwe kando, karibu na mlango, watu waitazame wakiingia. Heshima ya hadhara ni ya watakatifu na wenyeheri waliotangazwa na Kanisa (kanuni ya 1187), na hata kesi ya kumtangaza mtu kwa kawaida husubiri miaka 5 tangu kifo chake. Tunamwombea, hatujafika kumwomba hadharani. Anayetaka kumwomba kimoyomoyo hakuna anayemzuia.

Michango ikikusanywa kwa ajili ya kibao cha kumbukumbu, haiwezi kuhamishiwa bati la ukumbi hata kama kibao kimegharimu kidogo. Kilichotolewa kwa lengo fulani hutumika kwa lengo hilo tu (kanuni ya 1267).

Kibao chenyewe ndicho hubeba kosa linalodumu. Tarehe ya upadrisho huchukuliwa nyuma ya picha ya zamani, kumbe picha ni ya ushemasi, daraja linalotangulia upadre. Kati ya madaraja hayo mawili sheria inataka angalau miezi 6, kwa hiyo mara nyingi hata mwaka hutofautiana, na jiwe halifutiki. Upadre wa mtu huandikwa pembeni mwa jina lake katika daftari la ubatizo la parokia alikobatizwa, na maandishi hayo ni lazima yaonekane kwenye cheti cha ubatizo. Familia iombe cheti kipya, kisha kamati ikilinganishe na kumbukumbu za ofisi ya jimbo kabla fundi hajashika patasi.

Wanakamati wa liturujia