Triphala Yako na Siku Unazozihesabu

Shangani, Mtwara
Jumapili jioni

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa watoto. Sisi huku wazima, msimu wa korosho umeshika na harufu ya mabibo imejaa kila njia. Barua yako nilipewa na dereva Alhamisi, nimeisoma mara tatu. Umeniuliza triphala, ule unga wa dawa ya tumbo, inachukua siku ngapi kufanya kazi, maana umeshainywa siku tisa na tumbo liko vilevile. Nitakujibu. Lakini kuna maneno umeyaandika pale mwishoni, kwa kupitia tu, na hayo ndiyo yaliyoninyima usingizi. Nitayafikia.

Mimi niliinywa mwaka jana, mwezi mzima na siku zake. Jina lenyewe ni la Kisanskriti, maana yake matunda matatu: amalaki, bibhitaki na haritaki. Yanakaushwa, yanasagwa, yanachanganywa. Watu wa Ayurveda, tiba ya jadi ya India, wanasema imebeba ladha tano kati ya sita, iliyokosekana ni chumvi tu. Ulimi wangu uliishika moja kuliko zote: ukakasi, uleule wa bibo linapokukaba koo. Na unajua, bibhitaki na haritaki ni ukoo mmoja na mkungu wetu. Zile kungu tulizokuwa tukizipasua kwa mawe pale Mikindani ni jamaa zao kabisa. Nilipolijua hilo unga ule haukuniwia mgeni tena, ingawa kuunywa ni kazi. Hauyeyuki. Unaelea juu ya maji kama vumbi, ukikoroga unazama, na mwisho wa bilauri unabakiwa na tope la rangi ya kaki ambalo lazima uliongeze maji ndiyo lishuke.

Sasa siku. Shoga yangu, inategemea umeituma kazi gani. Kama choo kimefunga, unakunywa nusu kijiko cha chai kwa maji ya uvuguvugu wakati wa kulala, na jibu unalipata asubuhi yake, au ya pili, au ya tatu. Ni kama sanamaki ya bibi zetu, ila yenyewe ina upole zaidi. Kama ni gesi, tumbo kujaa na mbweu zisizokwisha, hapo wenye dawa yao wenyewe huzungumzia wiki, si siku. Mimi gesi ilianza kupungua wiki ya tatu. Lakini sitakuficha: wiki hizohizo nilikuwa nimeacha kula ugali wa muhogo saa nne usiku na kwenda kulala papo hapo, na maji nilikuwa nakunywa kweli, si kuonja. Siwezi kuapa kwamba aliyeniponya ni triphala peke yake. Mpwa wangu anayesomea ufamasia anasema tafiti zilizofanywa kwa watu kuhusu dawa hii bado ni chache na ndogo, na mimi namwamini.

Kwa hiyo kwa upande wa choo, siku tisa zinatosha. Ingekuwa na neno la kusema ingeshasema.

Nakuomba usifanye nililolifanya mimi. Siku ya nne nilirudi dukani nikalalamika, muuzaji akaniambia niongeze, ninywe vijiko vitatu vilivyojaa. Nikamsikiliza. Usiku ule niliamka mara saba, tumbo linanikata, na alfajiri nilishika ukuta kutoka chooni mpaka mlangoni. Binti yangu ndiye aliyenikorogea ORS na kunikalisha kitako. Dawa ya kulainisha tumbo ukiizidisha haiharakishi uponyaji, inakukausha maji tu. Muuzaji hakuniuliza umri wangu wala dawa nyingine ninazotumia. Mwenye mimba haifai aiguse bila kumuuliza daktari, na mtu wa kisukari anayetumia vidonge inaweza kumshushia sukari kupita kiasi.

Na lile kopo lako, umesema halina karatasi wala jina la aliyelitengeneza. Hilo nalo silipendi. Mwaka 2008 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha uchunguzi wa dawa 193 za Ayurveda zilizonunuliwa kwenye intaneti, na karibu moja katika kila tano ilikutwa na madini ya sumu: risasi, zebaki au aseniki. Sisemi lako limo. Nasema madini hayo ya risasi yakikuingia mwilini, dalili zake mojawapo ni tumbo kusokota na choo kufunga, yaani maradhi yaleyale unayoyakimbia. Unga usiojulikana umetoka wapi usiendelee nao.

Sasa yale maneno ya mwishoni. Umeandika kwamba gauni lako la Idi linakupwaya, na kwamba siku hizi matonge matatu tu umeshiba. Ukaendelea kuniuliza habari za harusi kama vile hujasema kitu. Shoga yangu, wewe hujawahi kuacha ming'oko kwenye sahani tangu nikujue! Mtu asiyefunga wala kujinyima chakula kwa makusudi, mwili ukimpungua hivyo, hilo si la kungojea triphala imalize mwezi. Halafu nikakumbuka diklofenaki unazomeza kwa ajili ya magoti tangu masika. Dawa hizo hula ukuta wa tumbo taratibu, zinaleta vidonda, na mtu anaweza kudhani ni gesi miezi na miezi. Inaweza ikawa ni hilo. Inaweza ikawa ni wale bakteria wa tumbo ambao wanatibika kwa antibayotiki. Inaweza ikawa jambo jingine ambalo mimi si wa kulitaja. Ninachojua ni kwamba hakuna hata moja kati ya hayo linaloponywa kwa nusu kijiko cha unga usiku, na kila siku unayoihesabu ukisubiri dawa ishike ni siku ya kipimo inayokupita.

Choo ukikiona cheusi kama lami na kinanata, au ukitapika damu, usingoje mtu. Nenda saa hiyohiyo, hata iwe usiku wa manane.

Kama hali ni hiyo uliyoniandikia tu, nakuja. Jumanne napanda basi la asubuhi, Jumatano tunakwenda pamoja hospitali ya Sokoine tukiwa wawili, na nitakaa kwenye benchi mpaka jina lako liitwe. Diklofenaki acha kuanzia leo, goti likiuma meza panadol. Unga nao usiunywe tena, ila kopo usilitupe. Litie kwenye mkoba pamoja na vidonge vyote unavyotumia, daktari avione kwa macho yake. Na ukifika mbele yake umwambie kuhusu gauni. Usimwambie ni gesi tu.

Wako wa siku zote,
Shoga yako wa Shangani