Lile boksi la mkweo

Nkuhungu, Dodoma
13 Julai

Ndugu yangu Masanja,

Mbukwenyi, kama Mwanza haijakusahaulisha Kigogo. Shemeji hajambo? Watoto je? Sisi wazima, ni baridi hii ya Julai tu. Asubuhi unatoka umejitanda shuka, saa saba unatafuta kivuli umevua mpaka fulana. Mama Neema anakusalimu, anasema deni la chapati bado liko daftarini na hajalikata.

Najua umeuona mwandiko ukashtuka. Simu ninayo na namba yako ninayo, tena nimeishika mara tatu nikairudisha mfukoni. Jambo lenyewe ukinikatiza katikati sitalimaliza, ndiyo maana nimeandika. Ukishasoma utanitukana kwa nafasi.

Basi niseme kabla sijaanza kuzunguka: ile kontroboksi ya Corolla ya mkweo, yaani kompyuta ya injini, niliyoitangaza imekufa mbele ya watu wote pale gereji, haikuwa imekufa. Ni nzima mpaka leo. Jumanne iliyopita imewasha gari la mtu, starta moja tu.

Ilikuwaje? Kuna mwalimu mmoja wa Mvumi aliniletea Corolla ya 1994, pacha wa ile ya Mzee mkweo, hata rangi. Gari lake lilikuwa na ugonjwa wa ajabu: asubuhi haliwaki hata ulipige starta mpaka betri ilie, saa sita jua likishaiva linawaka, linatetema, sailensa, ule mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, inapanda na kushuka, halafu linatulia na kwenda vizuri hadi jioni. Kesho asubuhi tena, kimya. Alikuwa ameshapita kwa mafundi wawili. Mmoja alimwuzia plagi na waya za plagi, wa pili pampu ya mafuta. Mwalimu na mshahara wake ule.

Shaibu, kijana wangu wa gereji, akaja mbio na mashine yake ya kupimia, ile ya kuchomeka halafu unasoma kwenye simu. Alizunguka chini ya usukani dakika ishirini akitafuta tundu. Nikamwacha. Mwisho nikamwambia tundu la pini 16 Marekani ndiyo iliyolilazimisha, tena kwa magari ya 1996, na hili la Mjapani la 1994 halijui habari hizo. Akanuna. Nikamwonyesha kile kiboksi cha kupimia chini ya boneti, nikaunganisha tundu za TE1 na E1 kwa kipande cha waya, swichi ON, tukahesabu taa ya injini inavyopepesa kama ulivyotufundisha. Leo kosa namba 22, sensa ya joto la maji. Nikachomoa fyuzi ya EFI kufuta kosa, kesho yake ikasoma 31, sensa ya vakyumu. Siku ya tatu ikapepesa mfululizo bila kupumzika, maana yake gari halina kosa. Na limekataa kuwaka!

Zamani, Masanja, hapo ningeshasema "boksi" na kutaja bei. Wewe unanijua. Safari hii sijui nini kilinishika. Labda ni kwa sababu lilikuwa pacha wa lile. Nikaanza kupima kama unavyopima wewe, polepole, kama mtu anayechambua mchele. Sensa ya maji asubuhi kwenye baridi ilinipa omu 3,000 na kitu, injini ilipochemka 300. Nzima. Ya vakyumu nzima. Nikaweka mita kati ya waya wa ethi wa boksi na negativu ya betri, Shaibu anapiga starta: volti 0.05. Ethi safi. Umeme wa kuingia, 12. Ile volti 5 inayotoka kwenye boksi kwenda kwenye sensa nayo ipo. Lakini nilipoigeuza mita upande wa AC, asubuhi ile ya baridi, namba zikawa zinaruka, yaani umeme hautulii. Mchana nikapima tena, zimetulia.

Nikaenda saluni kwa Mama Neema kuazima drai ya nywele. Aliniangalia kichwani, akaniangalia tena, akanipa. Kesho yake saa kumi na mbili alfajiri nikalipuliza boksi hewa ya moto dakika tano, gari likawaka. Mwalimu alipiga makofi. Akaniuliza kama atakuwa anasafiri na drai.

Nikalifungua. Harufu niliyokutana nayo ni ya dagaa walioloa, wewe wa Mwanza ungejiona uko nyumbani. Kapasita tatu, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, zimevuja, maji yake yamesambaa chini, njia za shaba zimekuwa kijani na moja imelika ikakatika. Ndiyo umri huo, miaka thelathini dawa ya ndani inakauka, na kwenye baridi inakuwa mbaya zaidi. Kwa hiyo hili ndilo boksi lililokufa kweli. La kwanza kuliona kwa macho yangu, katika yote niliyowahi kuyahukumu.

Sasa Mwalimu anataka gari, shule wanafungua. Nikakumbuka kwenye shelfu juu ya makopo ya oili kuna la Mzee. Nikapangusa vumbi, namba ya lebo ni ileile, 89661 na mkia wake wote. Nikasema hata likiwa limekufa halitaongeza ubaya. Nikalichomeka, swichi ON, taa ya injini ikawaka. Nikapiga starta.

Nilizima, nikakaa kwenye kile kiti cha Mwalimu, sikutoka. Shaibu ananiuliza "bosi vipi, si limewaka?" Limewaka, ndiyo.

Nakumbuka ile siku ya Mzee neno kwa neno. Starta inazunguka, moto hamna, nozeli hazipigi mafuta, taa ya injini haiwaki kabisa hata swichi ikiwa ON. Nilipima umeme wa kuingia nikakuta 12. Umeme unaingia, taa haiwaki, basi boksi limekufa. Hesabu ya kitoto. Sikupima ile volti 5 ya kutoka. Sikuchomoa hata sensa moja. Wewe ulikuwa umesimama pale na kikombe cha chai, ukasema, "Chomoa ya vakyumu kwanza, uone kama taa itarudi." Na mimi nikasema lile neno, kwamba wewe ni fundi wa redio, magari utayajua wapi. Watu wakacheka. Mkweo akacheka. Hicho kicheko chake nadhani ndicho kilichokuumiza kuliko neno langu.

Nililolijua Jumanne ni kwamba waya wa volti 5 ukichubuka na kugusa bodi ya gari, boksi zima linazimia. Halijafa. Ondoa shoti, linaamka. Na mimi wakati nabadilisha boksi nilivuta ule mkungu wa waya, mchubuko ukaachana na bati, gari likawaka, nikajipigia kifua. Mpaka lilipozimika tena kule Mtera na wewe ukiwa ndani, ukaukuta waya, ukauzungushia tepu, mkarudi. Nikawaambia watu gari limejiwasha lenyewe! Miaka miwili sasa haijazima tena. Na unajua Mzee anasema nini? Mpaka leo akikaa na wenzake kule Mpunguzi kwenye zabibu zake anawaambia, "Yona alinipa boksi zuri." Mimi nikilisikia nilikuwa nafurahi. Sasa nikilisikia natamani kujificha chini ya gari.

Nilimtoza 350,000 za boksi lile la mtumba, na 50,000 za kazi. La kwake nikalibakiza gereji bila kumpunguzia hata shilingi. Yaani nilimwuzia kitu ambacho hakukihitaji, na kizima chake nikakichukua bure. Nimeiandika hivyo kwenye karatasi nyingine kwanza nione inavyosomeka. Inasomeka vibaya.

Na usidhani ni la Mzee tu. Nimehesabu nikiwa kitandani: tangu nifungue gereji nimebadilisha boksi za watu kama tisa. Tisa! Ngapi zilikuwa zimevuja kweli? Sikuwahi kufungua hata moja. Nyingine nilimwuzia yule jamaa wa Kizota, na najua alizipeleka Dar akaziuza kama nzima. Naye alijua. Alikuwa ananipa elfu thelathini na kucheka kidogo, mimi nadhani kucheka ni tabia yake. Achana naye.

Turudi kwenye shida ninayotaka unisaidie. Boksi la Mwalimu nimelifunga kwenye katoni ya sabuni, nimelizungushia gazeti. Kapasita mpya nimezipata, za kuhimili joto la nyuzi 105, thamani zilezile. Kazi yenyewe siiwezi. Pasi yangu ya kulehemu ni ya kushikisha waya za betri, bodi ile imepakwa vanishi juu, njia zake nyembamba kama unywele, na ile iliyolika inataka kuungwa na waya mwembamba. Nilijaribu kwenye redio mbovu kwanza, nikainua shaba yote kama ganda la kitunguu. Hapa mjini wapo wanaosema wanaweza, nimewasikiliza wawili. Wa kwanza alisema analiosha kwa petroli. Kwa hiyo ni wewe. Utatoza bei yako kamili, Mwalimu ameshakubali, na wala usinipunguzie kwa ajili ya zamani.

Kwa sasa Mwalimu anaendesha kwa boksi la Mzee. Hapo ndipo nimekwama. Ni mali ya Mzee, nami nimeiazimisha bila ruhusa ya mtu. Nilimwambia Mwalimu ni la kuazima, hakuuliza la nani. Kila likipita hapa Nkuhungu nalisikia, injini imetulia kweli, nami moyo unanienda mbio.

Shaibu nimempa sheria mpya. Hakuna kutaja boksi kabla ya volti 5, ethi wakati wa starta, na kuchomoa sensa moja moja. Anaiita "sheria ya fundi redio". Nimemwacha aiite hivyo.

Sasa niambie. Nimwendee Mzee mwenyewe, au nikungoje uje tuende wote? Nikienda peke yangu nitasema ulikuwa sahihi wewe, lakini nadhani angependa, au wewe ungependa, uwepo. Au hutaki hata lisemwe? Hela nitazirudisha kwa awamu, 100,000 kwanza kabla ya Nane Nane. Unaona atazipokea, au atachukulia kama namdharau? Na boksi lake, nimrudishie mkononi wakati gari lake linakwenda na lile jingine? Atalifanyia nini? Hao wengine nane niwatafute? Wawili tu ndio nina namba zao. Ungekuwa wewe ungefanya nini, mbali na kutokulifanya tangu mwanzo? Shemeji analijua jambo hili, au ulimficha ndiyo maana akipiga kwa Mama Neema ananisalimu vizuri? Na lile jicho lako la kushoto lililokuwa linatoa machozi ukilehemu usiku, ulikwenda kupimwa?

Katoni itapanda basi la Alhamisi alfajiri. Nimeandika namba yako juu kwa maka, na konda nimempa elfu tano alilaze mbali na ndoo za asali za Singida, maana wale wakipakia hawaangalii. Kapasita ziko ndani ya bahasha, pamoja na nne za akiba.

Wako,
Yona