Kabla hujatoa advansi ya nyumba Mtwara, uliza kwanza nani hayupo

Korosho zikishalipwa, simu yetu sisi tunaokagua nyumba kwa niaba ya wanunuzi hailali. Anayepiga ni mtu wa Tandahimba au Newala, fedha za mnada zimeshaingia benki, na dalali amemwonyesha nyumba Magomeni au Chuno, tena amemwambia kuna mteja mwingine anakuja saa kumi. Huyo mteja wa saa kumi tunamsikia kila msimu. Hatujawahi kumwona.

Tunamwambia asitoe hata senti kabla hajajua nani mwingine ana neno juu ya nyumba hiyo. Ufa utauona kwa macho. Mtu ambaye hakuwepo sebuleni siku mnapatana bei, huyo humwoni.

Mimi mwenyewe niliumia kabla sijaingia kwenye kazi hii. Nilinunua nyumba ya vyumba vitatu Chikongola, tukaandikishana na kaka mtu mbele ya mashahidi wanne, soda zikanywewa. Mwezi wa pili akaja mama mmoja na mkoba wa ukili, akaketi barazani, akaniambia, "Mwanangu, mimi sina ugomvi na wewe. Ila nyumba hii ya baba yetu, na mimi sijauza." Kumbe aliyeniuzia hakuwa hata msimamizi wa mirathi. Tulikuja kuyamaliza baada ya mwaka na nusu, nikamlipa dada mtu fungu lake juu ya bei niliyokwisha kuilipa.

Ndiyo maana marehemu akitajwa tu, tunadai barua ya usimamizi kutoka mahakamani. Muhtasari wa kikao cha ukoo, hata ukiwa na mihuri, hautoshi. Na muuzaji akiwa na mke, tunataka kumsikia mke mwenyewe. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamkataza mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja.

Nyumba yenye hati ina nafuu: unafanya upekuzi kwa msajili, unaona jina, kama imewekwa rehani benki, kama kuna zuio, na miaka iliyobaki kwenye hati. Ambayo haina hati, na ziko nyingi, inatulazimu kwenda serikali ya mtaa kisha kwa majirani. Majirani tunawaendea asubuhi, bila dalali. Wanajua mengi kuliko mkataba.

Jambo moja huwachanganya wengi. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, basi muuzaji anaonyesha risiti za umeme na kusema hadaiwi. Kodi ya pango la ardhi ni kitu kingine kabisa, na deni lake linabaki na kiwanja.

Kwenye jengo lenyewe tunaanzia chini. Nyumba za karibu na bahari, Shangani na Mikindani hasa, chumvi inakula nondo hadi zege linapasuka. Kwaruza plasta kwa ukucha usawa wa goti; ikimwagika kama unga, piga hesabu upya. Rangi mpya iliyopakwa nusu ukuta tu nayo ina sababu yake.

Bei? Kabla bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam halijakamilika 2015, watu walipandisha bei kwa matumaini. Wapo wanaotaja bei zile mpaka leo. Uliza nyumba kama hiyo inapangishwa shilingi ngapi kwa mwezi, utajua kama anakuuzia nyumba au anakuuzia gesi.

Ada yetu ni moja, ununue usinunue. Hatuchukui asilimia kwa muuzaji wala kwa dalali. Njoo na nakala ya hati au mkataba alionunulia muuzaji. Kama amekataa kukupa nakala, njoo hivyo hivyo, tutaanzia hapo.