Tununue matarumbeta yanayotengenezeka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu vyombo vya kupuliza vinavyonunuliwa na sharika, shule na vikundi vya vijana hapa Nyanda za Juu Kusini, kwa kuwa mavuno yakishaingia ndani michango huanza, na nina hofu kwamba fedha za waumini zitaishia tena kwenye matarumbeta yasiyomaliza mwaka.

Kwetu Rungwe tarumbeta si pambo la kusindikizia maharusi tu. Kanisa la Moraviani, ambalo wamisionari wake walifika huku mwaka 1891, lina mapokeo ya vyombo vya shaba yaliyoanzia Ujerumani katika karne ya 18, na katika usharika ninakofundisha bendi hatujui Pasaka bila sauti ya tromboni alfajiri makaburini, wala hatujui kumzika mzee wa kanisa kimyakimya. Ndiyo maana miaka mitatu iliyopita, vyombo vya zamani vilipotuchokea, watu walichanga kwa moyo. Mwenye debe la mahindi alitoa debe, mwenye mkungu wa ndizi alileta mkungu ukanadiwa baada ya ibada, na mwishowe tukanunua vyombo vinane vipya katika duka moja jijini Dar es Salaam. Viling'aa kiasi kwamba watoto walijitazamia nyuso zao humo.

Mwezi wa nne tangu tuvinunue haukwisha kabla pistoni ya pili ya tarumbeta moja, yaani kile kipande kinachobonyezwa kwa kidole ili kubadili sauti, haijaanza kushuka na kugoma kupanda. Baada yake baritoni ilidondosha kile kifuniko kidogo cha kumwagia maji, na tuba, kile chombo kikubwa cha besi, ikaachia lehemu katika maungio mawili tukiwa safarini kwenda Iringa, ingawa haikuanguka wala kugongwa na mtu yeyote. Muuzaji alipopigiwa simu alijibu kwamba tumevitumia vibaya. Simtaji hapa, maana sina ugomvi naye peke yake; nimeona vyombo vya namna hiyohiyo, visivyo na jina la kiwanda wala namba, katika bendi nyingine kadhaa.

Tatizo lenyewe linaeleweka. Shaba ya matarumbeta ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, mara nyingi kwa kiasi cha 70 kwa 30, na mchanganyiko huo ukitengenezwa vizuri hudumu miaka mingi. Uhai wa tarumbeta, hata hivyo, umo katika pistoni. Pistoni za matarumbeta ya leo zinafuata umbo lililobuniwa na François Périnet huko Paris mwishoni mwa miaka ya 1830, na kila moja husuguliwa mpaka ilingane na silinda yake yenyewe, ikiachiwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Nafasi hiyo ikizidi, hewa huvuja na mpulizaji huchoka kabla ya ubeti wa pili. Ikipungua, au silinda ikipinda kidogo tu, pistoni hukwama. Kazi hiyo inataka muda na mashine sahihi, na hapo ndipo mtengenezaji wa bei ya chini anapopunguza gharama, kwa sababu mnunuzi hapaoni. Mng'ao wa vanishi anauona. Pistoni zilizopakwa nikeli nyembamba mno hubanduka, na vile vipande vidogo vilivyobanduka ndivyo vinavyokwaruza silinda. Pistoni za aloi ya monel, yenye nikeli na shaba nyekundu kwa wingi, hustahimili kutu vizuri zaidi, lakini huwezi kuzikuta kwenye tarumbeta la bei ya kutupa.

Kuna wazee wanaosema vyombo vya zamani vilikuwa imara kuliko vya sasa. Nami nina tromboni moja iliyobonyea sehemu tano na bado inaimba, lakini nadhani tunajidanganya kidogo, kwa kuwa vile vibovu vya enzi hizo vilikwisha kutupwa na hatuna kumbukumbu navyo.

Lazima pia tuseme ukweli juu yetu sisi wapulizaji. Baridi ya Juni na Julai huku juu hufanya mvuke wa pumzi ugeuke maji mengi zaidi ndani ya mirija, na tarumbeta likifungiwa ndani ya begi likiwa na maji hayo, zinki huanza kutoka taratibu kwenye shaba, hasa katika mrija wa kwanza unaopokea kipulizio. Shaba inayobaki huwa kama sifongo, na ukiona madoa ya rangi ya waridi kwa nje ujue yametokea ndani. Hayafutiki. Halafu tuna mazoea ya kumwagia pistoni mafuta ya taa au mafuta ya kupikia, ambayo hugeuka ulimbo, na kipulizio kikikwama tunaita mwenye koleo. Nimeshuhudia mrija ukisokotwa kama kitambaa kinachokamuliwa. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na mafuta mepesi ya pistoni vingetosha kuepusha nusu ya hayo, lakini hata mtunzaji hodari hawezi kuokoa silinda iliyotoka kiwandani ikiwa imepinda.

Kwa hiyo naziomba kamati za ununuzi zimpeleke dukani mtu anayepuliza, asiende mweka hazina peke yake. Mtu huyo afungue kila pistoni na kuitazama, kisha aibonyeze kwa kidole kilichoelemea pembeni, kwa kuwa hapo ndipo inayokwama hujisaliti. Avute mrija mdogo wa pistoni ya pili bila kuibonyeza pistoni yenyewe, asubiri kidogo, ndipo aibonyeze: asiposikia mlio mfupi kama kizibo kinachong'oka, hewa inavuja. Apitishe kucha kwenye maungio yote ya lehemu. Na kabla ya kuuliza bei, aulize kama springi, felti, vizibo na pistoni za chombo hicho zinapatikana popote, kwa sababu pistoni haiwezi kuazimwa kutoka kwa tarumbeta jirani. Chombo kisicho na vipuri ni cha kutupa hata kama ni kizima. Kwa fedha tuliyolipia vinane tungeweza kupata vinne vilivyotumika vya kiwanda kinachojulikana, na naamini vinne hivyo vingekuwa vinalia hadi leo.

Linabaki suala la mafundi, ambalo kwangu ni zito kuliko bei. Mkoani Mbeya tunao mafundi wa redieta wanaojua kulehemu shaba kwa ustadi, lakini wengi hutumia moto mkali, nao moto mkali huilainisha shaba na kuunguza vanishi, wakati lehemu ya risasi na bati huyeyuka kwenye nyuzi joto 200 hivi. Kijana wa redieta akifundishwa moto mdogo, kunyoosha palipobonyea kwa gololi za chuma na kusafisha silinda, kazi hataikosa kuanzia Tukuyu mpaka Njombe. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana karakana na walimu wa ufundi wa metali. Kozi fupi ya wiki chache ingewezekana iwapo sharika na shule zingekubali kuichangia badala ya kununua seti nyingine mpya.

Tuba yetu ingali stoo, imefungwa kwa mpira wa baiskeli pale ilipoachia. Ikiwa yupo msomaji anayemfahamu fundi aliyewahi kurudisha maungio ya namna hiyo yakadumu, Makambako, Iringa au kwingineko, namwomba aandike kupitia gazeti hili, na nauli ya fundi tutalipa.

Wako,
Mwalimu wa bendi ya usharika,
Tukuyu, Mbeya