Pini ya lokesheni haitembei na msafiri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo ambalo sisi mafundi simu wa Ngamiani hapa Tanga tunaulizwa karibu kila siku. Mzazi anakuja na simu mkononi: mwanawe alimtumia lokesheni asubuhi akiwa stendi ya Kange, imefika saa saba mchana na ramani bado inaonyesha Kange. Ana hofu basi limeharibika, au simu ya mtoto imeibwa.

Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Mtoto alituma pini. Pini huonyesha mahali alipokuwa dakika ile aliyobonyeza, basi. Hata akifika Dodoma, pini itabaki Kange. Alichotakiwa kutuma ni lokesheni ya moja kwa moja, ile inayomfuata anapokwenda, na katika WhatsApp vitu hivyo viwili viko kwenye ukurasa mmoja, ndiyo maana watu huvichanganya. Fungua mazungumzo na mtu wako, bonyeza alama ya kibanio cha karatasi (kwenye iPhone ni alama ya kujumlisha), kisha Mahali, au neno hilohilo kwa Kiingereza kama simu yako imewekwa lugha hiyo. Chagua ile ya moja kwa moja na utaulizwa muda: dakika 15, saa 1 au saa 8. Kutoka Tanga hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 350, kwa hiyo saa 8 zinatosha hata gari likikawia Segera. Anayekwenda Mwanza zitamwishia njiani. Muda ukiisha ni lazima atume upya, na ni vizuri aliye nyumbani alijue hilo mapema asije akapatwa na presha bure.

Pini nayo ina kazi yake, hasa kumwelekeza bodaboda au mgeni wa harusi. Kosa kubwa hapa ni kugusa jina la duka au msikiti katika orodha ya sehemu za jirani ambayo simu inaileta yenyewe, badala ya kuchagua mahali ulipo sasa. Bodaboda ataenda dukani kweli. Kabla ya kutuma, soma pia maandishi madogo yanayosema usahihi ni mita ngapi. Ukiona mita 10 au 15, tuma. Ukiona mia na zaidi, toka chini ya bati au ghorofa, simama uwanjani penye mbingu wazi, subiri dakika moja usome tena. Simu inahitaji kusikia setilaiti nne au zaidi ili ijue ilipo. Ikikosa hizo hukisia kwa minara ya simu na Wi-Fi, na kisio la mnara laweza kupotea kilomita nzima. Kwenye barabara zetu za namba, kosa la mita hamsini laweza kukuweka barabara ya jirani. Namba ya nyumba iliyowekwa katika zoezi la anwani za makazi la 2022 iandike pamoja na pini. Inamsaidia pia mwenye kiswaswadu, ambaye hana ramani ya kufungua.

Yapo mambo mawili ndani ya simu yanayoharibu lokesheni bila mwenyewe kujua. La kwanza ni ruhusa. Tangu Android 12 na iOS 14, simu inaweza kuipa programu mahali pa kukadiria tu, si mahali halisi. Nenda kwenye mipangilio, ruhusa za programu, Mahali, na uwashe usahihi kamili kwa programu unayoitumia. Kwenye iPhone, WhatsApp pia ipewe ruhusa ya wakati wote. La pili ni kubana betri. Simu nyingi za Android zinazouzwa madukani kwetu huzima programu zilizo nyuma ya pazia mara kioo kikizimika. Iondoe WhatsApp au Ramani za Google kwenye orodha ya programu zinazobanwa, na uchukue pawabenki, kwa sababu lokesheni ya moja kwa moja inakula chaji.

Na wewe unayetazama, usiangalie alama peke yake. Soma ni dakika ngapi zimepita tangu ilipopata habari mpya. Alama iliyosimama kwa dakika arobaini huwa ni mtandao uliokatika au bando lililokwisha mara nyingi zaidi kuliko ajali. Piga simu ya kawaida kwanza.

Bando likiisha, GPS yenyewe haifi, kwa kuwa inapokea tu mawimbi ya setilaiti na haihitaji data. Hili wavuvi na manahodha wetu wenye simujanja walishike. Fungua Ramani za Google, bonyeza kwa muda ile nukta ya buluu, namba mbili zitatokea. Kwa Tanga mjini zitafanana na -5.0689, 39.0988. Ziandike kwenye ujumbe mfupi wa kawaida, ambao hupita hata pale mtandao wa data unaposhindwa. Anayepokea anaziingiza kwenye sehemu ya kutafutia ya ramani. Ile alama ya kutoa mwanzoni isiachwe: maana yake ni kusini mwa Ikweta, na bila hiyo ramani itampeleka kusini mwa Ethiopia. Tarakimu nne baada ya nukta zinakufikisha kwenye mita 11 hivi. Ukikata zikabaki mbili, kosa linafika kilomita moja. Tena tofautisheni nyuzi na dakika, maana dakika hapa si ya saa, ni sehemu moja ya sitini ya nyuzi. Nyuzi 5 dakika 4 si 5.04, ni 5.067, na tofauti hiyo baharini ni karibu kilomita 3. Ukipiga 112, namba ya dharura, zisome namba hizo polepole na utaje alama inayoonekana.

Sasa nije kwenye lile linalonikera kweli. Watu wanafungua lokesheni ya moja kwa moja kwenye kundi la ukoo lenye watu themanini, na kila aliyemo anaona binti anakopita usiku. Mtumie mtu mmoja au wawili wanaokungoja. Ramani za Google zina chaguo la kushiriki mpaka utakapozima mwenyewe, na ndilo linalosahaulika miaka. Bonyeza picha yako juu kulia, kisha kushiriki mahali, uone majina ya wanaokuona. Katika WhatsApp nenda kwenye mipangilio, faragha, lokesheni ya moja kwa moja. Usipoyatambua mazungumzo yaliyomo, zima yote. Mume kuiwasha kwenye simu ya mkewe akiwa amelala, au mke kwa mumewe, ni kupeleleza, na mimi nakataa kuifanya kazi hiyo hata nikilipwa.

Kuna mlango mwingine ambao orodha hizo haziuonyeshi. Wengi wetu akaunti ya Google ilifunguliwa na muuzaji siku ya kununua simu, naye ndiye aliyechagua nywila. Anayeijua nywila hiyo anaweza kuingia kwenye huduma ya kutafuta simu iliyopotea na kuona simu yako iko wapi, bila wewe kushiriki chochote. Fungua mipangilio, Google, simamia akaunti, kisha usalama. Badilisha nywila uwe peke yako unayeijua, weka namba yako ya simu ya kurejesha akaunti badala ya ya muuzaji, angalia orodha ya vifaa vilivyoingia na utoe usivyovijua. Halafu fungua WhatsApp, vifaa vilivyounganishwa, ufanye vivyo hivyo. Mama au bibi asiyeweza kusoma menyu hizo afanyiwe na mjukuu wake nyumbani, na nywila iandikwe kwenye daftari linalokaa naye mwenyewe.

Fundi simu,
Ngamiani, Tanga.